Makosa Tisa Mbele ya Pazia

Nilitakiwa kutambua sauti kumi, nikakosea tisa. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asije akalipata kwa mwingine likiwa limetiwa chumvi, kwa sababu pale Bunda wapo tayari wanaosema nilikosea zote kumi, na mmoja wao, ambaye siku hiyo hakuwapo kanisani, anasema nilitoka nikilia. Sikulia. Nilikosea tisa na kupata moja, na daftari la katibu wa baraza la wazee linaonyesha hivyo kwa kalamu ya bluu, mstari kwa mstari.

Lakini tangu siku ile sijui nilichosikia. Hilo ndilo linaloniandikisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilianza kazi Musoma mjini, nikahamishiwa Bunda, na sasa ninaishi Butiama, nyumbani kwetu, pamoja na goti la kushoto lisilopenda ngazi. Kwa miaka yote niliyoshika chaki niliwafundisha watoto wa watu jambo moja kuliko mengine: mtu akikwambia chuma kimetanuka, muulize alikipima kwa kifaa gani. Neno "wanasema" nililikata kwa kalamu nyekundu kila nilipolikuta kwenye ripoti ya maabara. Akina nani wanasema? Walikuwepo? Kwa hiyo fedheha yangu, kama ni fedheha, si ya mtu aliyepotoshwa na maneno ya watu. Nilipotoshwa na shahidi niliyemwamini kuliko mashahidi wote, yaani sikio langu mwenyewe. Au sikupotoshwa. Nitaeleza kwa utaratibu, na msomaji ataamua akiweza, mimi nimeshindwa.

Kisa chenyewe ni cha sanduku la spika. Asiyepiga gitaa la umeme huenda hajui kwamba gitaa hilo likiwa peke yake halisikiki hata upande wa pili wa meza. Sauti yake hukuzwa na amplifaya, kisha huumbwa upya ndani ya sanduku ambamo spika imefungwa. Mbao, ukubwa wa sanduku, na ile karatasi nzito ya spika yenye umbo la faneli, vyote hupunguza kitu na kuongeza kitu. Gitaa lile lile kwenye masanduku mawili ni kama mtu mmoja aliyeimba bafuni, kisha akaimba uwanjani.

Sanduku letu lilitengenezwa na mdogo wangu, aliyenifuata kuzaliwa. Alikuwa fundi wa mitumbwi ufukweni Musoma, na siku za mwisho wa juma tulikuwa tukipiga pamoja katika bendi ya dansi, yeye gitaa la solo na mimi la rizimu. Alilijenga kwa mbao za mvule zilizobaki kwenye mtumbwi wa mtu, akaunganisha pembe zake kama alivyozoea kuunganisha ubavu wa chombo cha majini, akafunga ndani yake spika ya inchi kumi na mbili iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya sinema. Amplifaya yenyewe ni ya valvu, zile taa za kioo ambazo ni lazima zipate moto kwanza ndipo ziseme.

Siku moja, wakati wa kupakia vyombo kwenda kwenye harusi Guta, mguu wa kiti ulitoboa karatasi ya spika. Tundu la kuingia vidole vitatu. Spika nyingine hatukuwa nayo, wala hatukumjua aliyekuwa nayo mahali popote kabla ya kufika Mwanza. Mdogo wangu alikwenda kwa wavuvi, akarudi na bondo, yaani kile kibofu cha hewa kinachotolewa tumboni mwa sangara na ambacho siku hizi watu hukianika na kukiuza mbali. Alilichemsha kwenye kopo la maziwa ya unga hadi likawa gundi, kama alivyofanya alipotaka kuunga mpini wa kasia uliopasuka. Akaniomba karatasi. Mfukoni nilikuwa na mtihani wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, uliokwisha kusahihishwa. Akauchana, akaupaka gundi, akaziba tundu kwa matabaka manne, akapulizia kwa mdomo mpaka pakashika.

Sauti ilirudi, ila haikurudi ile ya zamani. Ilikuwa na unyevu fulani, kama ya mtu aliyetoka kunywa maji, na noti za chini zilishiba. Waliotusikia Guta siku hiyo walimuuliza mdogo wangu amenunua chombo gani kipya. Hayo sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo, nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Miaka michache baadaye aliugua, akafariki. Aliacha mke, binti wa miaka minne, na wimbo mmoja wa dini aliokuwa ameutunga na kuupiga kanisani mara chache tu. Bendi ilivunjika yenyewe. Nilipohamishiwa Bunda nilikwenda na sanduku na amplifaya, nikavikabidhi kwa kwaya ya kanisa letu, na hapo vimekaa hadi mwaka huu, kila Jumapili, upande wa kushoto wa mimbari.

Binti huyo sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, na anafanya kazi ya upimaji katika kiwanda cha samaki Musoma. Ndiye mpiga solo wa kwaya. Husafiri Bunda kila Jumamosi kwa mazoezi. Gitaa nilimfundisha mimi, lakini vidole si vyangu. Anapanda shingo ya gitaa kwa kidole kidogo kama baba yake, ambaye hamkumbuki. Aliwahi kuniambia kwamba uso wa baba yake anaujua kwa picha, na kwamba kitu pekee anachokikumbuka yeye mwenyewe ni sauti ikitoka kwenye sanduku lile, naye ameketi chini akiliegemea kwa mgongo.

Mwezi wa Aprili mwaka huu binti huyu alifika kanisani na kompyuta, maiki moja na waya nyingi. Alinieleza anachofanya, na kwa kuwa alieleza kwa vipimo, nilimsikiliza. Anapitisha katika sanduku mluzi unaoanza na sauti nzito kabisa na kupanda hadi nyembamba kabisa. Maiki inanasa kilichotoka. Kompyuta inalinganisha kilichoingia na kilichotoka, kisha inakokotoa sanduku limefanya nini kwa kila sauti. Hesabu hiyo ikishapatikana, unaweza kuliacha sanduku nyumbani. Unachomeka gitaa kwenye kompyuta, programu inaigiza amplifaya, kisha inaigiza sanduku, na kinachotoka kwenye spika za kanisa, kwa mujibu wake, ni sauti ile ile.

"Ile ile, au inayofanana?" nilimuuliza.

"Baba mkubwa, sitasema mpaka uisikie mwenyewe."

Jibu hilo lilinipendeza. Nilimfundisha vizuri.

Sababu yake ilikuwa moja. Kiraka cha bondo kilikuwa kinaanza kuinuka pembeni, na aliogopa kwamba siku kitakapobanduka, sauti ya baba yake itakuwa imekwisha duniani. Alikuwa amepanga kurekodi ule wimbo wa baba yake katika studio moja Musoma kabla mwaka haujaisha, na alitaka uwe na sauti hiyo.

Mwanzoni mwa Juni goti lilinilaza Butiama, na kwa miezi miwili sikuonekana Bunda, ambako bado nasali kila Jumapili. Niliporudi, wiki ya pili ya Agosti, nilikuta baraza la wazee linajadili kuliondoa sanduku kanisani.

Aliyelianzisha alikuwa mpiga besi wetu wa zamani, mzee mwenzangu wa kanisa, mfugaji na mwenye duka Nyamuswa, ambaye tumejuana tangu tukiwa na nywele.

"Mwalimu, siku hizi hakuna anayebeba masanduku," alisema mbele ya kikao. "Huko Dar wanamuziki wanaendaga kwenye onyesho na kitu kinachoingia kwenye mkoba."

"Umewaona?"

"Wanasema."

"Akina nani wanasema?"

"Ee, mura, ndugu yangu, umeanza! Umestaafu lakini kalamu nyekundu hujaiweka chini."

Katibu wa baraza, mama mmoja muuza vitenge mwenye mwandiko safi, alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari lake: "Pale lilipokaa lile sanduku wangesimama sauti ya pili watatu. Na mmoja wao mnene."

Watu walicheka. Nilimgeukia binti wa mdogo wangu, aliyekuwa amekaa nyuma kwa niaba ya kwaya. Nilitegemea angelitetea.

"Baba mkubwa, mimi sijasema litupwe," alisema taratibu. "Nasema lipumzike. Kila linapopandishwa na kushushwa, kile kiraka kinaachia. Sauti yake ninayo hapa."

"Unayo hesabu yake. Hesabu ya ng'ombe haikamuliwi."

"Basi usikilize," alisema, na safari hii hakuwa mpole. "Usikilize kwanza, ndivyo ulivyonifundisha."

Nilisimama na kutoa masharti yangu, nikaomba yaandikwe. Sanduku liwekwe katika ofisi ya mchungaji, mlango ufungwe, maiki iwekwe mbele yake, ili sauti yake na sauti ya kompyuta zote zitoke kwenye spika zile zile za kanisa na masikio yangu yasipate kuchungulia. Mpigaji awe nyuma ya pazia. Katibu arushe sarafu: kichwa sanduku, upande wa pili kompyuta, aandike kabla ya kupigwa, asimwonyeshe mtu ila mpigaji. Sauti zilinganishwe ukubwa. Mara kumi. Nikitambua nane au zaidi, sanduku linabaki kanisani hadi litakapojifia. Nikishindwa, liondoke, nami sitasema tena neno juu yake barazani.

"Nane nyingi, Mwalimu," alisema mpiga besi. "Jihurumie. Sema sita."

"Sita ni ya wabahatishaji."

Jumamosi iliyofuata, mchana, jua likiwa kali na vumbi la kiangazi limetulia juu ya mabenchi, niliketi mbele ya pazia. Binti alipiga mwanzo wa wimbo wa baba yake, mistari miwili. Sarafu ikarushwa tena, akapiga tena.

Nataka ieleweke kwamba sikusita. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Kulikuwa na sauti mbili, dhahiri kama chumvi na sukari. Moja ilikuwa kavu, kali pembeni, yenye mtetemo mdogo mkavu kila noti ya juu ilipoguswa; nikajua moja kwa moja kwamba hii ni mashine, hivi ndivyo kitu kisicho na mwili kinavyosema. Nyingine ilikuwa na ule unyevu, na noti za chini zilizoshiba. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimwona mdogo wangu ameinama Guta. Nilisema "sanduku" kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Mara moja tu, ya saba, mlango uligongwa na upepo na nikachanganyikiwa.

Katibu alifunga daftari, akalifungua tena, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mwalimu," alisema, "umepata moja."

"Moja nimekosa?"

"Moja umepata."

Ile moja ilikuwa ya saba.

Mpiga besi alipiga goti lake kwa kiganja. "Moja! Jamani, hata mbuzi wangu wa Nyamuswa angepata tano!"

Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji, aliyejitahidi kukohoa. Binti alitoka nyuma ya pazia, gitaa bado begani. Hakucheka. Alinitazama kama anayetazama kipimo kilichotoa namba asiyoitegemea.

Sauti ya mpiga besi ndiyo iliyoniamsha. "Umesema kweli kuliko unavyojua," nilimwambia. "Mbuzi angepata tano."

"Si nimesema?"

"Mbuzi asiyesikia tofauti yoyote angebahatisha, akapata tano, au nne, au sita. Anayekosea tisa hakubahatisha. Anayekosea tisa anasikia tofauti kila mara, ila anaziita kwa majina yaliyopinduka. Nimezitenganisha sauti zile vizuri kabisa."



"Kwa hiyo umeshinda?" aliuliza katibu, kalamu ikiwa tayari. Aliuliza kwa nia njema.

Nilitafuta jibu la kweli. "Sijashinda," nilisema. "Masharti yalisema kutambua. Sikutambua."

"Mwalimu amekosea kwa ufasaha," alisema mpiga besi, na sentensi hiyo, kwa taarifa nilizo nazo, na hizi nimezithibitisha, imefika hadi sokoni.

Sanduku lilipakiwa kwenye pikapu Jumatatu, pamoja na amplifaya yake, vikaletwa Butiama. Niliviweka sebuleni, penye kiti cha wageni.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpima shahidi. Nilikwenda Musoma hospitali, nikaingizwa katika chumba kidogo, nikavikwa vifaa masikioni, nikaambiwa niinue mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa nikiinua mkono kama mwanafunzi. Mpimaji, kijana mwenye adabu, alinionyesha mchoro. Sauti nyembamba za juu kabisa zimeniondoka katika masikio yote mawili, kama ilivyo kwa wengi wa umri wangu. Nyingine zipo.

"Kwa hiyo naweza kuamini ninachosikia?" nilimuuliza.

"Mzee, unaweza kuamini ulichosikia. Ambacho hukusikia ndicho huwezi kujua."

Ni jibu zuri, na halikunisaidia hata kidogo.

Kutoka hospitali nilipanda bajaji hadi nyumbani kwa binti wa mdogo wangu. Alinipikia ugali na sato, na baada ya kunawa akafungua kompyuta. Katika orodha ya masanduku aliyonayo, mengine ya watu asiowajua wa nchi za mbali, kulikuwa na moja lililoandikwa kwa herufi nne tu: Baba. Nilimwomba anieleze siku aliyolipima, saa kwa saa, kama ripoti.

"Tulichelewa kuanza," alisema. "Mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi ningoje ikatike. Ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, Baba mkubwa. Hata maiki zilikuwa zinatoa jasho. Kitambaa cha mbele cha sanduku nilikigusa kikawa kama nguo iliyoanuliwa haijakauka."

Niliweka glasi chini. Sikumwambia nilichokuwa nawaza, kwa sababu mtu akishaambiwa atakachosikia hasikii kitu kingine. Nilimwomba tu aje Butiama Jumamosi ya wiki iliyofuata, na gitaa na kompyuta.

Nilirudi nyumbani nikafungua ubao wa nyuma wa sanduku. Kiraka kilikuwa pale, cha rangi ya chai. Katika tabaka la juu bado ilionekana alama yangu ya vema, nyekundu iliyofifia, na nusu ya jibu la mwanafunzi ambaye sasa atakuwa babu. Niligusa. Bondo lilikuwa gumu kama ukucha, na ukingo mmoja uliinuka na kutetema nilipoupuliza. Miaka yangu yote ya kufundisha jinsi vitu vinavyonyonya maji na kuyatoa, na haikunijia hata mara moja kwamba nimekaa mbele ya pazia katikati ya kiangazi nikitafuta sauti ya masika, ile ile iliyonaswa na kompyuta. Bondo ni nyama ya samaki. Likipata unyevu linalainika, likikosa linakakamaa. Jumapili baada ya Jumapili sanduku lilikuwa likibadilika kidogo kidogo pamoja na mwaka, na sikio langu likilifuata bila kuniarifu, mpaka goti liliponikatisha miezi miwili.

Hayo yalikuwa maelezo, hayakuwa bado ushahidi. Niliingiza beseni la maji ndani ya sanduku, chini ya spika, nikatundika taulo mbichi pembeni, nikafunika kila kitu kwa blanketi. Siku nne nilibadilisha taulo asubuhi na jioni. Mke wangu aliniuliza kama sanduku lina homa.

Jumamosi binti alifika. Nilikuwa nimekwisha kuondoa beseni na blanketi. Alichomeka gitaa kwenye amplifaya, akasubiri valvu zipate moto, akapiga mstari wa kwanza wa wimbo wa baba yake. Aliishia katikati. Aliweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, akabaki ameinama.

"Baba mkubwa, umelifanya nini?"

"Endelea kupiga."

"Limerudi," alisema. Kisha akapiga wimbo wote, hadi mwisho, bila kuniangalia.

Nilifurahi kwa muda wa wimbo huo mmoja. Nilisema: sasa turudie jaribio. Nilihamia chumba cha pili, nikageuza uso ukutani. Tulifunga maiki kama kule kanisani, sauti zote mbili zikitoka kwenye spika moja ndogo aliyokuja nayo. Mke wangu alirusha sarafu na kuandika. Mara kumi.

Nilipata sita.

Nilizikariri namba hizo nikitembea uani. Sanduku likiwa kavu, ninalitofautisha na mashine bila shida, lakini ninaiita mashine sanduku. Likiwa na unyevu, siwezi kulitofautisha kabisa. Kwa hali yoyote ile nane sifikishi. Nilikuwa nimetumia taulo zote za nyumba hii kuthibitisha kwamba kompyuta ilisema kweli, na kwamba baraza, kwa sababu isiyo sahihi, liliamua sawasawa. Hata hivyo sikio langu halikukosea: lilikataa lile sanduku kavu kwa kuwa halikuwa sauti niliyoijua. Nani basi alisema uongo pale kanisani? Mashine ilisema kweli ya Aprili. Sanduku lilisema kweli ya Agosti. Mimi nilisema kweli ya Guta, au niliyodhani ni ya Guta. Nimesahihisha maelfu ya majibu maishani, na hapa sijui pa kuweka alama ya kosa.

Nilipomweleza binti yote, alizungusha kitufe cha sauti cha gitaa huku na huku. Nilitazamia angesema, twende Bunda tuwaambie. Nilikuwa tayari kumkatalia, maana niliahidi kutosema tena. Hakutaja Bunda. Alisema:

"Kwa hiyo alipokuwa hai lilikuwa linasema zote mbili."

"Ndiyo."

"Sasa ipi ilikuwaga yake? Ya mvua, au hii ya kiangazi?"

Hakuna mwingine wa kuulizwa. Mama yake alishafariki, na mpiga besi angejibu papo hapo, jambo ambalo ni baya zaidi. Studio inamsubiri. Alitaka neno langu, na mimi ndiye niliyekuwapo.

Nilijaribu. Mkono wake naukumbuka, na lile kopo la maziwa likichemka, na harufu yake mbaya. Bendi ilifanya mazoezi ufukweni Musoma, ambako hewa ina maji mwaka mzima. Hilo linaunga mkono sauti ya mvua. Lakini harusi nyingi ziliangukia baada ya mavuno, kiangazi, Bunda na Nyamuswa na Guta kwenyewe, na wimbo wake wa dini aliupiga kanisani kwa mara ya kwanza mwezi ambao, nikiukokotoa vizuri, ulikuwa mkavu. Na kule Guta, siku ya kiraka, bondo lilikuwa bichi, hivyo sauti ile niliyoibeba rohoni kama kipimo cha zote huenda ilidumu siku moja tu. Nilipojaribu kuisikia, zilikuja zote mbili kwa zamu, na kila moja ilikuwa na uso wake.

"Sijui," nilimwambia.

Alinikazia macho. Nadhani hakuwahi kunisikia nikilisema neno hilo bila kuongeza "lakini tutapima".

Tuliacha sanduku likauke wiki nzima, kisha akarudi na mluzi wake na maiki, akalipima upya katika hali ya kiangazi, sebuleni kwangu. Mimi nilishika saa na kuandika hali ya hewa. Alipotaka kuhifadhi, akaandika lile jina la herufi nne, kompyuta ikakataa, ikaongeza yenyewe namba: Baba 2.

"Iondoe hiyo mbili," nilisema.

"Haikubali, Baba mkubwa. Majina hayawezi kulingana. Lazima mojawapo liwe na namba." Aliweka mikono juu ya vibonye, akanigeukia. "Sema basi. Namba niweke kwenye ipi?"

Nilimwambia asubiri. Anaendelea kusubiri, na studio pamoja naye. Beseni bado liko nyuma ya sanduku, tupu, na kila asubuhi nikipita pale nasimama nikilitazama, nisijue kama nilijaze au nilirudishe jikoni.